Mkutano wa Barabara Mtaani Kwako: Jinsi ya Kushiriki Hadi Maoni Yaingie Kwenye Mchoro

Barabara nyingi za miji ya Kenya hazina njia ya waendao kwa miguu, na si kwamba wakazi hawakuitaka. Mara nyingi mchoro ulipitishwa kabla ya mtu yeyote anayetembea pale kuuona. Mara nyingine uliletwa mkutanoni, watu wakazungumzia maji, karo na siasa za wadi, na mchoro ukarudi ofisini jinsi ulivyokuja. Thika Road ilizinduliwa mwaka wa 2012, na baadhi ya madaraja ya waendao kwa miguu yakajengwa miaka iliyofuata, baada ya watu kugongwa wakivuka. Kuongeza kivuko baada ya lami kukauka ni ghali na huchukua miaka. Kukiongeza kwenye karatasi ni kazi ya kifutio na kalamu.

Mwongozo huu ni wa mkazi, chama cha wakazi, wazazi wa shule iliyo kando ya barabara, waendesha baiskeli, au kikundi kinachotunza njia ya msituni. Unafuata sheria za Kenya, kuanzia siku unaposikia tetesi za mradi hadi siku mwanakandarasi anapoondoa vifaa vyake.

Kwanza, jua barabara ni ya nani

Malalamiko mengi hufia hapa, kwa kupelekwa kwenye ofisi isiyohusika. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliacha barabara kuu za kitaifa mikononi mwa serikali kuu, na kuzipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, pamoja na usafiri wa umma wa barabarani. Upande wa serikali kuu kuna mamlaka tatu zilizoundwa na Sheria ya Barabara ya Kenya ya 2007: KeNHA kwa barabara kuu zinazounganisha miji na mipaka, KURA kwa barabara za kitaifa zilizo ndani ya miji, na KeRRA kwa zile za mashambani. Nairobi na jirani zake wanne, yaani Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, wana pia NaMATA, iliyoundwa mwaka wa 2017 kupanga usafiri wa pamoja, ikiwemo mabasi ya mwendo kasi ya BRT.

Kwa hiyo barabara moja inaweza kuwa na wenyewe wawili. Lami ni ya KURA, lakini steji ya matatu na taa ni za kaunti. Ukiomba steji isogezwe kwenye mkutano wa KURA peke yake, utaambiwa si kazi yao, na watakuwa wanasema kweli. Waandikie wote wawili, kila mmoja aone kwamba mwenzake ana nakala.

Mwenye barabara utamjua kwenye ubao wa mradi. Tazama jina la mteja, si la mwanakandarasi. Kama hakuna ubao, uliza kwa msimamizi wa wadi au kwa mhandisi wa barabara wa kaunti ndogo. Njia ya msituni huwa chini ya Huduma ya Misitu, KFS, na mara nyingi kuna chama cha jamii cha msitu kilichotia sahihi mkataba nayo. Njia ya kando ya mto inagusa mamlaka ya mazingira, NEMA, kaunti na wenye viwanja kwa pamoja.

Kila mkutano una mambo unayoweza kubadilisha

Kosa linalorudiwa zaidi ni kupeleka ombi sahihi kwenye mkutano usiofaa. Angalia tangazo linasema mkutano ni wa nini.

Mikutano ya mipango na bajeti ya kaunti ndiyo inayoamua kama barabara yako itapata fedha au la. Kalenda yake imewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ADP, hufika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, kwa ajili ya mwaka wa fedha utakaoanza Julai inayofuata. Mkakati wa Fedha, CFSP, hufika kabla ya tarehe 28 Februari na huweka viwango vya fedha kwa kila idara. Makadirio ya bajeti hufika kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Ukifika Mei kuomba barabara ambayo haikuwa kwenye ADP, umechelewa karibu mwaka mzima. Mei ni wakati wa kutetea mradi ambao tayari umeorodheshwa, au kuomba fedha zihamishwe ndani ya idara ile ile. Ombi jipya lipeleke Julai na Agosti. Juu ya yote hayo kuna mpango wa miaka mitano, CIDP, unaotayarishwa baada ya kila uchaguzi mkuu. Mradi usiotajwa humo huwa mgumu kuingia kwenye ADP.

Mikutano ya usanifu huitishwa na mhandisi mshauri aliyeajiriwa kuchora barabara. Hii ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, na ndiyo inayohudhuriwa na watu wachache zaidi. Hapa mistari bado inasogea: upana wa njia ya miguu, mahali pa vivuko, mitaro, steji. Ukiwa na siku moja tu ya kuomba ruhusa kazini, iombe kwa ajili ya mkutano huu.

Mikutano ya tathmini ya athari kwa mazingira, EIA, ina masharti makali zaidi. Kwa miradi inayohitaji uchunguzi kamili, kanuni za 2003 zinamtaka mwenye mradi abandike mabango, atangaze gazetini na redioni kwa wiki mbili mfululizo, na afanye angalau mikutano mitatu ya wazi na walioathirika. Ilani ya mkutano itolewe angalau wiki moja mapema. Usidhani haya ni mapambo. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha Lamu, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilifanyika, ndiyo, lakini ilikuwa ya utangulizi, kabla ripoti ya uchunguzi haijakamilika, na watu hawakupata nafasi ya kweli ya kuijadili ripoti yenyewe. Ukikuta mkutano wa EIA hauna ripoti mezani, sema hivyo na uombe iandikwe kwenye kumbukumbu.

Baraza la chifu ni la kupashana habari. Lihudhurie, kwa sababu orodha ya waliohudhuria hutumika baadaye kama ushahidi kwamba mlishirikishwa, lakini usitarajie mchoro ubadilike pale.

Mchakato wa Tume ya Kitaifa ya Ardhi kuhusu fidia ni jambo jingine kabisa. Kama kipande cha shamba lako au kibanda chako kimo ndani ya mstari, tafuta wakili au kituo cha msaada wa kisheria mapema, na uandike dai lako kabla ya siku ya kusikilizwa.

Pata hati kabla ya mkutano

Mtu aliyesoma mchoro husikilizwa kwa namna tofauti na mtu anayekisia. Una haki ya kuuona. Kifungu cha 115 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinasema ushiriki wa umma katika mipango ni lazima, na kwamba wananchi wapewe habari zilizo wazi, zikiwemo ripoti za mazingira, matokeo yanayotarajiwa, na njia mbadala za maendeleo pamoja na gharama zake. Shikilia hilo la njia mbadala. Swali la «mlilinganisha chaguo gani, na kila moja lingegharimu kiasi gani?» lina nguvu kuliko dakika tano za kulalamika.

Mradi ukiwa wa mamlaka ya kitaifa, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Hulazimiki kueleza unataka habari hizo kwa nini, na ada pekee inayoruhusiwa ni gharama ya nakala. Ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 21, na inaweza kuongeza siku 14 ikitoa sababu. Ndiyo maana ombi huandikwa mara unaposikia habari za mradi. Ukingoja tangazo la mkutano, huenda mkutano ukafanyika kabla ya jibu kufika.

Omba vitu vinne kwa majina yake: mchoro wa mpangilio wa barabara unaoonyesha vivuko na steji, mchoro wa mkato, yaani ule unaoonyesha barabara kana kwamba imekatwa kwa kisu kutoka ukuta hadi ukuta, hesabu za magari na watu zilizotumika, na makadirio ya gharama. «Naomba taarifa zote za mradi» ni ombi linalojibiwa kwa brosha.

Mchoro wa mkato usomwe kwa hesabu ya kujumlisha. Chukua hifadhi ya barabara, yaani ardhi yote iliyotengewa barabara, yenye upana wa mita 20. Njia mbili za magari za mita 3.25 kila moja ni mita 6.5. Njia ya miguu ya mita 2.5 kila upande ni mita 5. Njia ya baiskeli ya mita 1.8 kila upande ni mita 3.6. Mitaro miwili ya sentimita 80 ni mita 1.6. Jumla ni mita 16.7, na imebaki mita 3.3 ya miti, taa na vibanda. Mhandisi akisema hakuna nafasi, mwombe kwa heshima ajumlishe mbele ya watu. Mara nyingi jibu la kweli huwa kwamba nafasi ilipewa maegesho, au kwamba jengo fulani limeingia ndani ya hifadhi. Hayo ni maamuzi, na maamuzi hujadiliwa.

Hesabu watu

Hesabu za wahandisi aghalabu huwa za magari. Mtembea kwa miguu asipohesabiwa hayumo, na hii ni dhuluma kubwa katika miji ambako watu wengi huenda kazini na shuleni kwa miguu. Kazi hii haihitaji mtaalamu. Watu wawili, kalamu na ubao wa kuandikia vinatosha.

Chagua Jumanne, Jumatano au Alhamisi ya kawaida ambayo shule zimefunguliwa. Hesabu asubuhi kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili na nusu, na jioni kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja. Kama kuna siku ya soko, hesabu na hiyo kando. Gawa muda kwa vipande vya dakika 15, kila kipande mstari wake. Safu ziwe: watu wazima, wanafunzi, baiskeli, mikokoteni, boda boda, viti vya magurudumu na watu wenye fimbo, wazazi wenye watoto mgongoni. Mtu mmoja ahesabu wanaovuka, mwenzake wanaopita kandokando. Mkichanganya hayo mawili, takwimu zitakataliwa na mtu wa kwanza anayejua kazi yake.

Andika tarehe, hali ya hewa na mahali mliposimama. Siku ya mvua watu hupungua, na mtu atauliza. Pima kwa futi kamba upana wa njia iliyopo pale ilipo nyembamba zaidi, na umbali kutoka lango la shule hadi kivuko cha karibu. Piga picha, lakini nyuso za watoto zisionekane.

Vipimo vya kubeba kichwani

Njia ya miguu inahitaji mita 2 zisizo na nguzo, bango wala kibanda. Mbele ya soko au steji, mita 3 au zaidi. Kiti cha magurudumu kinahitaji nafasi isiyopungua sentimita 90. Mteremko wa rampu usizidi 1 kwa 12, yaani kila sentimita 12 za kwenda, sentimita 1 ya kupanda. Nguzo fupi za kuzuia magari ziachane kama mita 1 hadi 1.2. Boda boda bado itapita hapo, kwa hiyo usimwahidi mtu kwamba nguzo zitamaliza tatizo hilo.

Taa za kuvukia huhesabiwa kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya mita 14 inapata sekunde 12. Mzee anayekwenda mita 0.8 kwa sekunde anahitaji takriban 18. Omba hesabu ifanywe kwa mwendo wa mzee, hasa karibu na hospitali, au pawe na kisiwa cha katikati chenye upana wa mita 2 ambapo mtu aliyesukuma mkokoteni anaweza kusimama salama.

Steji iwe baada ya kivuko kwa upande gari linakoelekea. Ikiwa kabla, matatu iliyosimama humficha mtoto anayevuka mbele yake, na gari linaloipita halimwoni mpaka amefika mbele ya bampa.

Daraja la juu linahitaji kusemwa waziwazi. Wanasiasa hulipenda kwa sababu huonekana kwa mbali. Lakini magari marefu yanahitaji nafasi chini yake, kwa hiyo sakafu ya daraja hukaa kama mita 6 juu. Kwa mteremko wa 1 kwa 12, rampu moja ni mita 72, na ya kushuka 72 nyingine. Mtu aliyekuwa avuke mita 14 sasa atembee zaidi ya 150. Ndiyo sababu watu hupita chini, kisha wanalaumiwa. Kwenye barabara kuu ya magari ya kasi, daraja ni lazima. Ndani ya mji, ambako kikomo cha kisheria ni kilomita 50 kwa saa, dai kivuko kilichoinuliwa kwa sentimita 10 hadi 15 ambacho gari hulazimika kupunguza mwendo kukipanda. Sema pia maji ya mvua yatapitia wapi, kwa maana kivuko kilichoinuliwa bila bomba pembeni hugeuka kuwa bwawa, na msimu wa mvua ukifika wakazi wale wale watadai kibomolewe.

Mtaro ufunikwe kwa vibao vya zege. Vifuniko vya chuma huibwa.

Njia za msituni na kando ya mito

Karura na msitu wa Ngong Road zinaonyesha kwamba njia ya matembezi ndani ya jiji hutumiwa sana ikitunzwa. Mlango wa kushiriki hapa ni mpango wa usimamizi wa msitu na chama cha jamii, ambacho Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inakitambua. Jiunge na chama kwanza, kwa sababu mpango hujadiliwa na wanachama, na kiasi kikubwa cha maamuzi huwa kimeshafanywa kabla ya mkutano wa wazi.

Kando ya mto, kanuni za ubora wa maji zinakinga ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande, ukipimwa kutoka mahali mafuriko makubwa zaidi yalipofika. Uliza mstari huo umewekwa wapi kwenye ramani. Njia ikichorwa ndani ya mahali panapofurika kila Aprili, itaondoka na mvua. Njia ya pamoja ya miguu na baiskeli iwe na mita 2.5 hadi 3, tabaka la murram iliyoshindiliwa la sentimita 10 hadi 15, na mwinamo mdogo wa asilimia 2 hadi 3 ili maji yasisimame. Kisha uliza jambo ambalo michoro huwa haina: mtu anayefuatwa na mwenye nia mbaya anatokea wapi nje ya njia? Kinamama hujibu swali hili haraka kuliko mhandisi yeyote. Wasikilizwe kabla ya mistari kuchorwa.

Kaa na wafanyabiashara kabla ya mkutano

Mikutano mingi kuhusu njia za miguu huvunjika kwa ugomvi kati ya wakazi na mama mboga, au kati ya wakazi na watu wa boda boda. Afisa anayetaka mradi upite bila mabadiliko hufaidika na ugomvi huo, kwa sababu huandika «wakazi hawakuafikiana».

Wiki moja kabla, waendee viongozi wa soko na mwenyekiti wa steji. Chukua nakala ya mchoro. Waulize wanahitaji upana gani, mizigo yao hushushwa wapi na saa ngapi, maji machafu yanaenda wapi. Kibanda cha kawaida kinahitaji kina cha kama mita 1.5 hadi 2, na katika mfano wa hifadhi ya mita 20 hapo juu mita 3.3 zilizobaki zinaweza kukibeba upande mmoja. Mkifika mkutanoni na ombi moja lililotiwa sahihi na pande zote, mmeondoa kisingizio kikubwa zaidi cha kutowasikiliza.

Andika waraka wa kurasa mbili

Maneno ya mdomo hutegemea mwandishi wa kumbukumbu. Waraka hautegemei mtu. Juu kabisa weka jina la mradi kama lilivyo kwenye tangazo, tarehe ya mkutano, na ofisi unayoiandikia. Kwa muswada au bajeti iliyoko bunge la kaunti, mwandikie Karani wa Bunge. Kwa mpango ulio bado na serikali ya kaunti, Waziri wa Kaunti wa idara husika. Kwa barabara ya kitaifa, Mkurugenzi Mkuu wa mamlaka.

Kisha ombi, kabla ya maelezo yoyote. Maombi yasizidi matatu. Kila ombi lionyeshe ukurasa au namba ya mchoro, linataka nini kibadilike, na kwa kipimo gani. Baada yake takwimu zenu, sheria mnayoitegemea, na picha mbili au tatu. Mwishoni majina na sahihi. Tangazo likitoa muda wa mwisho wa kupokea maoni, peleka siku mbili mapema.

Chapa nakala mbili. Ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na ukae nayo. Tuma pia kwa barua pepe. Bila muhuri, waraka wenu haukuwahi kufika.

Siku yenyewe

Mikutano huchelewa, wakati mwingine saa mbili au tatu, mpaka mheshimiwa afike. Panga zamu ili angalau watatu wenu mbaki hadi mwisho, kwa kuwa maswali kwa mhandisi huja wakati watu wameshaondoka. Mmoja azungumze, mmoja aandike, mmoja apige picha za slaidi.

Karatasi ya mahudhurio isome kichwa chake kabla ya kutia sahihi. Kuhudhuria si kukubali. Kikiandikwa «waliounga mkono mradi», usitie sahihi. Omba karatasi nyingine, na upige picha ile ya kwanza.

Slaidi zikiwa za Kiingereza kitupu na watu hawaelewi, inua mkono. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Wakiwepo viziwi, Kifungu cha 54 kinawapa haki ya kutumia lugha ya ishara. Ombi hilo lifanywe kwa barua siku kadhaa mapema, mkalimani apatikane.

Kwa kawaida mtu hupewa dakika mbili au tatu. Usizitumie kwa salamu ndefu za wageni waheshimiwa. Maneno kama haya yanatosha, ukiweka takwimu zako:

«Naitwa fulani, mkazi wa wadi hii. Nazungumzia mchoro namba 4, kati ya steji na lango la shule ya msingi. Jumanne asubuhi, kwa saa mbili, tulihesabu watu 640 wakivuka hapa, na 410 kati yao ni wanafunzi. Mchoro unaweka kivuko cha karibu mita 280 kutoka langoni. Tunaomba mambo mawili. Kivuko kilichoinuliwa kiwekwe mbele ya lango, chenye kisiwa cha mita 2. Na steji isogezwe iwe baada ya kivuko. Maoni haya tumeyawasilisha kwa maandishi na yamepigwa muhuri. Naomba mhandisi atuambie kama kuna sababu ya kiufundi ya kukataa, na tutapata jibu lini.»

Sentensi ya mwisho ndiyo inayofanya kazi. Inamlazimu mtu mwenye jina na cheo kujibu mbele ya watu. Akijibu «tutalizingatia», uliza kwa upole nani atalizingatia na kufikia tarehe gani, halafu keti. Usibishane. Mwenzako aandike jibu neno kwa neno.

Yajayo baada yako yanaweza kukuvuruga: kijana aliyeletwa kushangilia, msemaji anayegeuza mkutano kuwa wa siasa, mtu anayegawa fedha za nauli mlangoni. Usiwajibu. Kabla ya kufungwa, omba kumbukumbu za maombi zisomwe kwa sauti. Dakika tano za kusomwa huokoa miezi ya kubishana.

Baada ya mkutano

Ndani ya siku tatu tuma barua fupi: tulihudhuria tarehe fulani, tuliomba haya, afisa wa cheo fulani alijibu hivi, tunaomba nakala ya kumbukumbu na ya ripoti ya ushiriki wa umma. Ifanye barua hiyo iwe pia ombi rasmi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari, ili siku 21 zianze kuhesabiwa. Zikipita kimya, au ukikataliwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala ndani ya siku 30.

Ripoti ikija, tafuta ombi lenu. Kuna ripoti zinazoorodhesha maoni yote na safu ya mwisho ikasema «imezingatiwa» bila kueleza nini kimebadilika. Linganisha na mchoro mpya. Kama hakuna kilichobadilika, andikeni tena mkitaja ukurasa wa ripoti na namba ya mchoro.

Wakikataa kabisa kusikiliza, Kifungu cha 88 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinawapa haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini yake. Leseni ya mazingira ikiwa imetolewa, rufaa kwa Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ina kikomo cha siku 60, basi wakili aonwe wiki ya kwanza. Kasoro za tangazo nazo zina uzito: mwaka wa 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu ushiriki ulikuwa wa kijujuu, na ikaeleza kwamba kaunti inapaswa kuwafikia watu walipo, makanisani, misikitini, kwenye mabaraza na redio za lugha za mama. Hifadhi picha ya tangazo, tarehe uliyoliona na mahali lilipobandikwa.

Ujenzi ukianza, rudini na futi kamba. Muulizeni mhandisi mkazi, yaani anayesimamia ujenzi pale pale, mchoro unaotumika ni wa tarehe gani, kwa kuwa michoro ya zamani hubaki kwenye kontena la mwanakandarasi. Pimeni upana wa njia ya miguu kabla vitofali vya cabro havijapangwa, mawe ya ukingo yakishawekwa tu. Pungufu la sentimita 40 wakati huo hurekebishwa kwa asubuhi moja. Kisha ulizeni kipindi cha dhamana ya kasoro, yaani muda ambao mwanakandarasi bado analazimika kurekebisha kasoro, kinaisha lini. Kwenye mikataba mingi huwa mwaka mmoja baada ya kazi kukabidhiwa. Orodha ya vifuniko vilivyovunjika, maji yaliyosimama na rampu zilizoachwa na ngazi ifike kwa mhandisi mkazi, ikiwa na picha na muhuri, angalau mwezi mmoja kabla ya tarehe hiyo, wakati mwanakandarasi bado anadai fedha zake zilizozuiliwa.